Dogo Wako Anaamini Kila Forwadi? Mpeleke Maktaba

Kabla uendelee kuskroli, hebu tuongee kuhusu watoi wetu na simu.

Kila msimu wa mtihani, KNEC hutoa onyo lile lile: kuna watu wanauza karatasi feki za KCSE kwa Telegram. Mbinu yao ni rahisi. Mtu anafungua chaneli, anabandika nembo ya serikali, anaweka skrinishoti za "wateja" wakisema asante, halafu anaacha namba ya kutuma pesa. Dogo ameshikwa na uoga wa mtihani, anatuma ganji aliyopewa ya matumizi, na stori inaishia hapo. Karatasi hakuna, pesa hakuna, na hawezi ambia mathe.

Sasa jiulize, nani alimfunza huyo dogo kutofautisha chaneli ya ukweli na ya matapeli? Nyumbani anaambiwa tu "achana na simu". Shuleni, CBC imeweka ujuzi wa kidijitali kati ya ile umilisi 7 ya msingi, na hiyo ni poa. Lakini kujua kutumia tablet si sawa na kujua nani anakucheza ukiwa ndani ya hiyo tablet.

Kuna mahali hii kitu inaweza kufunzwa vizuri, na wengi wetu tulipasahau tukishamaliza shule. Maktaba ya umma.

"Usiamini mtandao" si somo

Wazee wengi wakitaka kusaidia watoto husema, "Usiamini vitu za mtandao." Ni ushauri wa moyo safi, lakini haufanyi kazi. Cheki hii stori ya papa.

Mwaka wa 2003, mpiga picha Thomas Peschak alipiga picha Afrika Kusini ya mtu ndani ya mtumbwi mdogo, na nyuma yake papa mkubwa anamfuata. Picha ni ya ukweli kabisa. Baadaye msee fulani akamkata yule papa na kumbandika kwa barabara iliyofurika maji. 2011, kimbunga Irene kilipopita Puerto Rico, picha ikazunguka eti papa anaogelea barabarani. 2017, mafuriko yalipopiga Houston, papa yule yule akarudi, na watu wakaingia box tena.

Watu wakachoka. Ikawa ukiona papa kwa mafuriko, unacheka na kuendelea na maisha yako. Halafu 2022 kimbunga Ian kikapiga Florida, na video ikatoka ya samaki mkubwa anayefanana na papa akirukaruka kwa maji ya mafuriko huko Fort Myers. Wajuaji wote wakasema ni feki. Waandishi wa Associated Press wakafuatilia, wakampata aliyeirekodi, wakakagua faili yake. Video ilikuwa ya ukweli.

Umeshika hapo? Anayeamini kila kitu na anayekataa kila kitu wote ni wavivu. Hakuna aliyecheki. Na mtoto akizoea kusema "zote ni uongo", siku ya onyo la kweli la mafuriko au la ugonjwa, hatasikia. So somo lenyewe ni kucheki, na kucheki ni tabia, kama kupiga mswaki. Inaanza ukiwa mdogo.

Hata wasomi huchezwa

Usidhani hii ni shida ya watoto pekee. 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha wanafunzi wa umri wa junior school ukurasa wenye habari na matangazo. Zaidi ya asilimia 80 walidhani tangazo la kulipiwa ni habari ya kawaida, hata kama liliandikwa wazi kwamba limelipiwa.

Mwaka uliofuata wakatoa utafiti mwingine. Walikuwa na watu 45: wanahistoria 10 wenye PhD, wanafunzi 25 wa Stanford yenyewe, na watu 10 ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Nani alipita? Wahakiki. Wanahistoria wengi na wanafunzi walibaki kwa ukurasa mmoja, wakiusoma kwa makini, wakivutiwa na nembo na lugha safi. Wahakiki waliutoka haraka, wakafungua kurasa zingine kutafuta hao wenye tovuti ni akina nani.

Mimi niliacha kampasi kitambo, so hii ilinifurahisha kiasi. Lakini pointi ni hii: akili pekee haitoshi, na digrii pia haitoshi. Ni mbinu. Na mbinu mtoto wa gredi ya 4 anaweza kufunzwa.

Kwa nini maktaba?

Kwanza, mkutubi anafanya hii kazi kila siku. Kitabu kikiingia, anauliza: nani aliandika, nani alichapisha, mwaka gani? Hayo ndiyo maswali ya forwadi pia.

Pili, maktaba hakuna gredi. Mtoto anaweza kukosea mbele ya wenzake bila kuogopa ripoti fomu.

Tatu, magazeti yako hapo. Mtoto mwenye simu moja ya kushare na ndugu watatu anaweza kujifunza bila bando.

Na hatuanzi kutoka ziro. Huduma ya Maktaba za Taifa, knls, iliundwa 1965. Huko Garissa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia tangu 1996. Nairobi kuna McMillan pale tao, na matawi yake Kaloleni na Makadara, ambayo Book Bunk imekuwa ikiyafufua. McMillan ilifunguliwa 1931 ikiwa ya wazungu pekee. Leo dogo wa Eastlands anaweza kuingia na kukaa. Akishaingia, tumpe kitu cha maana.

Jumamosi moja inaweza kuenda hivi

Mkutubi anaweka mezani magazeti matatu ya siku moja. Watoto wanatafuta habari moja iliyo kwa yote, wanalinganisha vichwa. Nani ameongeza chumvi? Nani ameachwa nje?

Kisha wanatafuta matangazo yaliyovaa nguo za habari. Hii hugeuka kuwa mchezo haraka sana.

Wakimaliza, wanapewa picha iliyosambaa mtaani. Kompyuta moja inatosha kuitafuta kwa Google kwa kutumia picha yenyewe, waone ilitokea wapi kwanza na mwaka gani.

Halafu ile ya kwetu kabisa: muhuri mwekundu wa FAKE. Wakenya tukiuona tunatulia. Lakini huo muhuri ni picha tu, hata wewe unaweza kuubandika kwa barua ya kweli. Watoto wajaribu wenyewe waone ilivyo rahisi. Baadaye wafundishwe kwenda kwa akaunti rasmi ya ofisi yenyewe, au kwa wahakiki kama PesaCheck na Africa Check.

Mwisho, watengeneze gazeti lao la mtaa. Wamuulize mama mboga bei ya sukuma, wamuulize na wa pili, waandike tarehe na aliyesema nini. Mtoto akishaandika habari mwenyewe, anajua mahali mtu anaweza kuipindisha.

Hii si kuomba favor

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka maktaba kati ya kazi za kaunti. Maana yake, kaunti ikiita watu kutoa maoni ya bajeti, unaweza kusimama na kuuliza: maktaba yetu imetengewa pesa ngapi, na kuna programu gani ya watoto? MCA wako anafaa kuwa na jibu. Na kama unataka tarehe ya kuanzia, UNESCO ina wiki ya dunia ya elimu ya habari na vyombo vya habari, 24 hadi 31 Oktoba. Kwetu hiyo huwa karibu na msimu wa mitihani, wakati wale matapeli wa Telegram wako kazini.

Kama mtaa wenu hauna maktaba, ama iliyopo haina hiyo programu, anza kwa keja. Dogo akikuonyesha kitu, muulize maswali matatu: nani amesema? Amejuaje? Nani mwingine amesema hivyo? Mtafute jibu pamoja, usimpe.

Na jitayarishe, kwa sababu siku moja utatuma forwadi kwa grupu ya familia, na huyo dogo atakuuliza mbele ya shangazi zote, "Hii umetoa wapi?" Usimkasirikie. Mjibu.