Wimbo wa Etta James ulioenea bila jina lake la utunzi

Mwimbaji wa Marekani Etta James alirekodi "I'd Rather Go Blind" mwaka 1967 katika studio za FAME, jimbo la Alabama. Ni kilio cha mwanamke anayeona heri upofu kuliko kushuhudia mpenzi wake akimwacha. Kundi la Uingereza Chicken Shack liliurudia mwaka 1969, Rod Stewart mwaka 1972 na Beyoncé mwaka 2008.

Hata hivyo, watunzi waliosajiliwa ni Ellington Jordan na Billy Foster. James alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba aliutunga pamoja na Jordan, lakini kwa sababu za kodi alimwachia Foster, mpenzi wake wa wakati huo, nafasi yake. Wimbo unaporekodiwa upya, mrabaha wa utunzi hulipwa waliosajiliwa, si mwimbaji wa kwanza.