Upasuaji wa Kurekebisha Taya: Maandalizi ya Mgonjwa na Njia za Kushikiza Mifupa

Upasuaji wa kurekebisha taya hufanywa pale ambapo taya la juu na la chini hayakutani sawasawa kwa sababu ya ukuaji wa mifupa yenyewe, wala si kwa sababu ya mpangilio wa meno peke yake. Taya la chini huweza kuchomoza mbele, kurudi nyuma au kuelemea upande mmoja. Wakati mwingine meno ya mbele hubaki wazi hata mgonjwa anapouma. Mtu mwenye hali hiyo hutafuna kwa shida, matamshi yake huweza kuathirika, na baadhi hukosa hewa ya kutosha wanapolala.

Tiba hii si ngeni. Mwaka 1849, huko Marekani, Simon Hullihen alikata taya la chini la msichana aliyeharibika uso kwa kuungua moto, akalirekebisha. Njia ya kupasua taya la chini inayotumika sana leo ilielezwa na Hugo Obwegeser mwaka 1957. Tangu wakati huo kanuni ni moja: mfupa ukikatwa na kusogezwa mahali papya, lazima ushikizwe hapo mpaka uunge. Wagonjwa wengi huuliza sura yao itakuwaje baada ya upasuaji. Ni wachache wanaouliza mfupa utashikizwa kwa njia gani. Hata hivyo jibu la swali hilo ndilo litakaloamua namna watakavyokula, kuzungumza na hata kupumua katika wiki za mwanzo.

Maandalizi huanza mapema

Kwa kawaida upasuaji husubiri mifupa ya uso imalize kukua. Wasichana hutangulia, wavulana hufuata katika miaka ya mwisho ya ujana au baadaye kidogo. Taya la chini likiendelea kukua baada ya upasuaji, kasoro huweza kurudi.

Kabla ya siku ya upasuaji, daktari wa kupanga meno humfunga mgonjwa vifaa vya kunyoosha meno, na kazi hiyo huchukua mara nyingi mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Katika kipindi hiki kasoro huonekana kuongezeka, kwa kuwa meno yaliyokuwa yameinama ili kuficha tofauti ya mataya sasa yanasimamishwa wima. Mgonjwa asipoelezwa mapema hudhani tiba imeshindwa, akaacha kuhudhuria kliniki. Magego ya mwisho ya chini, yakiwa mahali mfupa utakapokatwa, mara nyingi hung'olewa takriban miezi 6 kabla.

Upasuaji hufanywa kwa dawa ya usingizi ya nusukaputi. Kwa hiyo hupimwa wingi wa damu, kundi la damu, shinikizo la damu na sukari; ugonjwa wa selimundu, pumu na kifafa hutajwa wazi. Dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwemo za mitishamba, zielezwe kwa daktari, na asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe. Mvutaji wa sigara aache wiki kadhaa kabla, kwani moshi huchelewesha kuunga kwa mfupa na kupona kwa kidonda. Chakula kisiliwe kwa saa zisizopungua 6 kabla ya usingizi. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla.

Njia tatu za kushikiza mifupa

Njia ya kwanza ni kufunga taya la juu na la chini pamoja kwa nyaya. Ndiyo inayofahamika zaidi katika wodi nyingi, kwa kuwa hutumika pia kwa waliovunjika taya katika ajali za pikipiki. Gharama ya vifaa ni ndogo, lakini kinywa hubaki kimefungwa kwa takriban wiki 6. Mgonjwa hunywa vyakula vya majimaji tu, hupungua uzito, na usafi wa kinywa huwa mgumu. Hatari kubwa ni kutapika au kuvuja damu wakati kinywa hakifunguki.

Njia ya pili ni vibamba vidogo na skrubu za titani, zinazofungwa juu ya mfupa kupitia ndani ya kinywa. Mwaka 1974 Bernd Spiessl alieleza matumizi ya skrubu katika upasuaji wa Obwegeser, na hapo haja ya kufunga kinywa kwa wiki nyingi ikaanza kupungua. Mgonjwa hufungua kinywa mapema, huku mipira midogo ikiongoza meno yakutane vizuri. Titani haivutwi na sumaku, na kwa kawaida huachwa mwilini maisha yote. Huondolewa tu ikiwa pana maambukizi, skrubu imelegea au mgonjwa anasumbuliwa nayo. Skrubu zikikaza mno vipande vya mfupa huweza kubana mshipa wa fahamu uliomo ndani ya taya.

Njia ya tatu ni vibamba vinavyoyeyuka, vilivyotengenezwa kwa polima ambazo mwili huzivunja polepole kwa miezi mingi, aina nyingine kwa zaidi ya mwaka. Havihitaji kuondolewa, lakini ni vinene zaidi, vina nguvu ndogo kuliko titani na bei yake ni kubwa.

Njia ipi imfae nani?

Uamuzi hautegemei picha ya eksirei peke yake. Mwenye kifafa, pumu kali au mazoea ya ulevi hafai kupelekwa nyumbani akiwa amefungwa kinywa kwa nyaya. Anayeishi mbali na hospitali yenye mtaalamu naye apimwe kwa uangalifu: akipata shida usiku, nani atamsaidia? Gharama ijadiliwe wazi, ikijumuisha nauli za kliniki na siku za kukosa kazi. Vibamba navyo havimaanishi kurudi mara moja kwenye ugali na nyama. Chakula laini huhitajika kwa takriban wiki 6 vilevile. Familia iandae uji wa lishe, maziwa, mtindi, supu iliyochujwa na parachichi lililosagwa.

Kabla ya kutia saini ridhaa, mgonjwa ajue pia kwamba ganzi ya mdomo wa chini na kidevu ni jambo la kawaida baada ya kukatwa taya la chini. Kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita. Kwa baadhi hubaki kiasi fulani daima.

Kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa aliyefungwa nyaya awe na koleo ya kukatia waya kitandani, na arudi nayo nyumbani. Kila muuguzi wa zamu, pamoja na ndugu anayemtunza, aonyeshwe ni nyaya zipi zinazounganisha taya la juu na la chini, kwani hizo ndizo za kukata. Akitapika, aketi na kuinama mbele, kinywa kifyonzwe. Akishindwa kupumua, nyaya zikatwe papo hapo bila kusubiri daktari. Meno yakiacha kukutana ghafla, usaha ukitoka, homa ikipanda au damu ikivuja bila kukoma, mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Nyaya zilizokatwa hufungwa tena. Pumzi iliyokatika hairudishwi.