Mashine Inayosahihisha Mashine

Mwalimu wa nadharia ya kompyuta, anapoketi usiku na mbele yake yamerundikwa madaftari ya wanafunzi mia mbili, hukutana na taabu ambayo mwenziwe wa hesabu za kawaida haijui; kwani swali la kujumlisha lina jawabu moja, ilhali swali la kuunda mashine ya fikira lina majawabu yasiyo na idadi, yote sahihi na yote yametofautiana kwa sura. Mmoja huchora viduara vitatu, wa pili vitano, wa tatu huvitawanya karatasi nzima na kuviunganisha kwa njia za panya. Na mwalimu hana budi kuufuata kila mshale kwa kidole, hata macho yakachoka na insafu ikaanza kumpungukia. Haistaajabishi, basi, kuwa mwaka 1960 Jack Hollingsworth wa chuo cha Rensselaer, Marekani, alikwisha kuchapisha habari za programu iliyosahihisha kazi za wanafunzi zilizotobolewa katika kadi. Walakini kazi zile zilikuwa za kuandika programu. Kusahihisha nadharia kuna ajabu yake peke yake: elimu inayofundishwa ndiyo hiyo hiyo inayomwambia msahihishaji wapi hukumu yake ni ya yakini, na wapi ni dhana tu.

Natuchukue swali moja. Mwanafunzi ameamriwa kuunda otomata, yaani mashine ya kuwazia yenye hali chache zinazohesabika, isomayo mfuatano wa 0 na 1 toka kushoto kwenda kulia, na kukubali kila mfuatano ambao, ukichukuliwa kuwa namba iliyoandikwa kwa msingi wa mbili, hugawanyika kwa 3 bila ya baki. Jawabu la mkato lina hali tatu: moja ya baki 0, moja ya baki 1, moja ya baki 2, na kila tarakimu isomwapo, baki ya zamani huzidishwa kwa mbili, tarakimu mpya ikaongezwa, kisha zikaondolewa tatu tatu. Mwanafunzi wetu alivuta mishale mitano sawasawa, akakosea wa sita: alipokuwa katika baki 2 na kusoma 0, palipompasa kwenda katika baki 1, alirudi katika baki 0.

Mwalimu mvivu, na msahihishaji wa kompyuta aliyeundwa kwa uvivu ni wa kabila hilo hilo, angeijaribu mashine hiyo kwa namba kadha wa kadha. Aijaribu kwa 0, 3, 6, 12 na 15, nayo yazikubali. Aijaribu kwa 1, 2, 5 na 7, nayo yazikataa. Majaribio tisa yamefaulu, na alama zote zikatolewa. Lau angalijaribu 4, ambayo huandikwa 100, angaliona mashine ikiipokea kwa furaha, kana kwamba nne imeanza kugawanyika kwa tatu tangu jana.

Dawa ya maradhi haya imejulikana tangu miaka ya 1950. Msahihishaji mwema hachagui mifano. Huichukua otomata ya mwalimu na ile ya mwanafunzi, akaziendesha pamoja, kama wasafiri wawili walioshika ramani mbili na kusikia amri moja, na kila wafikapo huandika jozi ya mahali waliposimama. Kwa kuwa kila mmoja ana hali tatu, jozi haziwezi kuzidi tisa, na safari haina budi kwisha. Pakitokea jozi ambayo mmoja yumo katika hali ya kukubali na mwenziwe katika hali ya kukataa, njia iliyowafikisha hapo ndiyo shahidi wa kosa, naye shahidi huyo hurudishwa kwa mwanafunzi: mashine yako inakubali 100, nayo haistahili. Pasipotokea jozi ya namna hiyo, basi mashine mbili zimelingana kwa mifuatano yote isiyo na mwisho, si kwa ile iliyojaribiwa tu. Hiyo ni burhani kamili, na sijui mwalimu awezaye kuitoa usiku wa manane kwa daftari la mia na themanini.

Vyombo vya kazi hii vipo. JFLAP, iliyokuzwa na Susan Rodger na wanafunzi wake katika chuo kikuu cha Duke, humwezesha mwanafunzi kuchora mashine yake na kuihifadhi katika faili ambalo programu nyingine yaweza kulisoma. Na Automata Tutor hutoa swali, hupokea mchoro, na kurudisha alama pamoja na maelezo. Rajeev Alur, Loris D'Antoni na wenzao, walipochapisha mwaka 2013 utafiti wao juu ya kugawa alama za otomata, walitazama mambo matatu: mchoro wahitaji marekebisho mangapi ili uwe sahihi, ni sehemu gani ya mifuatano iliyohukumiwa vibaya, na je, mwanafunzi amejibu kwa usahihi swali jingine lililo jirani na lile aliloulizwa? La tatu ndilo linipendezalo, kwa sababu ndilo linalokaribia kuuliza nia. Mwanafunzi wa mshale mmoja hakosi elimu, bali amepitiwa. Na mtu aliyepitiwa hastahili sifuri.

Lakini mashine haijui muradi wa mwalimu ila ule ulioandikwa. Katika swali letu, je, mfuatano mtupu, usio na tarakimu hata moja, ni namba? Otomata ya hali tatu huukubali, kwa kuwa huanzia katika baki 0. Mwanafunzi mwangalifu aliyeona kwamba utupu si namba akaukataa atahukumiwa amekosa, na kosa ni la swali lililonyamaza. Mwalimu wa karatasi angetabasamu akampa alama zake. Msahihishaji wa kompyuta hana tabasamu. Ndiyo maana saa nyingi za kuunda chombo hiki huishia katika kuandika maswali upya, wala si katika programu.

Tukitoka katika otomata tukaingia katika sarufi huru, zile zielezazo kwa mfano mabano yaliyofungana sawasawa, yakini yatuacha mlangoni. Bar-Hillel, Perles na Shamir walionyesha mwaka 1961 kwamba hakuna kanuni ya hatua kwa hatua (ile ambayo Wazungu waliiita kwa jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9) iwezayo kuamua kila mara kama sarufi mbili za namna hii zinazaa lugha moja. Msahihishaji hurudi katika mifano: akipima mifuatano yote ya alama mbili hadi urefu wa 12, amepima 8,191, tofauti akiiona ni hakika, asipoiona amebaki na dhana njema. Mashine za Turing ni ngumu zaidi, maana kazi ya Alan Turing ya mwaka 1936 yatufahamisha kwamba hakuna njia ya jumla ya kujua kama mashine itasimama au itazunguka milele. Hapo huwekwa kikomo, tuseme hatua 10,000, na mwadilifu hukitangaza kabla ya mtihani. Ama burhani zilizoandikwa kwa maneno, mimi naona zibaki kwa mwalimu, na muda uliookolewa kwenye mishale utumike huko.

Enyi walimu mnaokusudia kuunda chombo kama hiki, kabla ya kumfungulia mlango mwanafunzi wa kwanza, kileteeni mashine ya hali moja isiyokubali mfuatano wowote, kazi ya mtu ambaye hakufanya kazi. Katika kila namba tatu zifuatanazo, mbili hazigawanyiki kwa 3; basi chombo kinachohesabu mifano tu kitampa mvivu huyo alama kama 67 katika mia. Kikimpa, msikifungue bado.