Mgongo wa Askari na Ushahidi Wake

Mtu aliyerudi kutoka vitani na kovu la risasi hana haja ya maneno mengi. Hufunua mkono wake, na watu wakaona. Lakini aliyerudi na mgongo mbovu afunue nini? Ngozi yake ni nzima, aenda kwa miguu yake, na majirani hudhani ya kuwa ni mvivu wa jembe. Katika mazungumzo haya twapenda kueleza kwa nini madai ya mgongo ni magumu, tukianza na jambo lililotokea Mwanza.

Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 vijana wengi wa Usukuma na Unyamwezi walikuwa askari wa Wadachi chini ya von Lettow-Vorbeck. Waingereza waliiteka Mwanza mwezi wa Julai 1916, lakini vita havikuisha mpaka Novemba 1918, na askari wale wakarudi kwao wakidai mishahara yao. Miaka 46 ikapita. Mwaka 1964 Ujerumani ya Magharibi ikakubali kuwalipa waliokuwa hai, na afisi ya malipo ikafunguliwa kwa muda mjini Mwanza. Wakaja wazee wapata 350. Wachache tu walikuwa na vyeti vya mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya nguo za kiaskari zilizochakaa. Yasimuliwa ya kuwa mlipaji, alipoona shida hiyo, alimpa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kidachi aushike kama bunduki. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Kisa hiki chatupendeza, lakini tukitazame vema. Ufagio ulithibitisha uaskari. Ugonjwa usingeweza kuthibitishwa hivyo. Na mpagazi, ambaye hakufundishwa amri hata moja, angeonyesha nini?

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya moja, na kati ya pingili na pingili pana kitu laini kama mto mdogo. Mzigo uwe kichwani au begani, uzito wake huteremka hapo. Mpagazi wa vita alichukua ratili 50 au 60, siku baada ya siku, matopeni na milimani, na chakula kidogo. Mito ile hukonda, au hutoka mahali pake ikagandamiza mshipa wa fahamu, ndipo maumivu hushuka mpaka mguuni. Mara nyingi haya hutokea polepole, baada ya miaka. Tena mkulima asiyepata kuona vita huweza kuugua vivyo hivyo kwa kuinama shambani, na mvuvi kwa kuvuta kokoro. Basi karani huuliza: mgongo huu uliharibiwa na vita, au na jembe? Swali hilo si la uovu, ila kulijibu bila karatasi ni kazi ngumu.

Huko Marekani, ambako askari wastaafu wengi hudai kwa ajili ya migongo, hutakiwa mambo matatu: ugonjwa uliopo sasa, jambo lililotokea jeshini, na maneno ya daktari yanayounganisha hayo mawili. Daktari halazimiki kuwa na hakika kamili. Yatosha akiona ya kuwa jeshi laweza kuwa ndilo sababu sawasawa na kutokuwa. Ushahidi wa askari mwenzake nao husikilizwa.

Wapagazi wetu hawakuwa na daktari wa namna hiyo. Hesabu ya Waingereza peke yake yataja zaidi ya 40,000 waliokufa, na jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na jeshi lao.

Aliye na mwana jeshini leo na amwandikie hivi: akianguka au akijitegua, aende kwa daktari wa kikosi siku ile ile, hata akiona haya, aombe iandikwe tarehe na mahali, na jina la mwenzake aliyeona alitunze pamoja na cheti chake.