Umesajiliwa SHA, lakini je, umelipa?

“Mama, uko kwa mfumo, lakini hujalipa.”

Mteja wetu mmoja, mama mboga wa Githurai, aliambiwa maneno hayo usiku akiwa kwa kaunta ya hospitali. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa miaka minne aliyekuwa akipumua kwa shida. Kwa simu alikuwa na shilingi 1,700 za kununua mboga asubuhi. Alikuwa na hakika kwamba ana bima, na alikuwa na sababu ya kuamini hivyo.

Miezi kadhaa kabla ya usiku huo alikuwa amejisajili kwa SHA kwa kupiga *147#, akapata ujumbe wa kuthibitisha. Baadaye mtoto huyo huyo alipopata kikohozi, alimpeleka zahanati ya mtaa, akatibiwa bila kulipa chochote. Nani angemlaumu kwa kudhani mambo yote yako sawa?

Tumesikia kisa cha aina hii mara nyingi kutoka kwa wateja wetu, ndiyo maana leo tunakieleza pole pole. Sisi ni kampuni ya malipo, hatuuzi bima. Lakini pesa za bima hupitia kwa simu zenu, na tunaona vile kutojua kitu kimoja kidogo kunavyoweza kumaliza akiba ya familia.

Kwa nini zahanati ilimtibu bure na hospitali ikakataa

SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Chini yake kuna mifuko mitatu. Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi, yaani matibabu ya zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3. Huo unahitaji usajiliwe tu. Wa pili ni wa bima yenyewe, unaolipia huduma kama kulazwa na upasuaji katika hospitali kubwa. Huo ndio unahitaji uwe umelipa mchango. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu.

Kwa hivyo usajili unakufikisha zahanati. Mchango ndio unakufikisha wodini.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Sisi wa jua kali, boda boda na vibanda hupimwa uwezo kwa maswali: nyumba ina paa gani, kuta gani, choo cha aina gani, mko wangapi. Majibu ndiyo yanaamua kiasi chako, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Jibu ukweli, usibahatishe. Ukiona kiasi ulichopewa hakilingani na hali yako, peleka malalamiko kwa afisi ya SHA mapema, kabla hujaugua.

Ugumu uko hapa: unatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima mara moja. Mia tatu kwa mwezi si mlima, lakini 3,600 siku moja, wakati karo na kodi pia zinangoja, ni hadithi nyingine. Wengi hushindwa hapo, na si kwa kupenda.

Bili ya shilingi 19,400

Mama wetu wa Githurai alikuwa amepangiwa shilingi 400 kwa mwezi, yaani 4,800 kwa mwaka. Hakuwa amezilipa. Mtoto alilazwa kwa nimonia. Alipopona, bili ilikuwa 19,400. Mama alichukua mikopo ya simu, akaomba kwa grupu ya familia, na chama chake kikachanga. Hata hivyo mtoto alikaa siku mbili zaidi wodini akiwa mzima, akingoja salio lilipwe.

Alipoketi baadaye akapiga hesabu, aliona kwamba pesa hizo zingelipa bima ya nyumba yake miaka minne na abaki na chenji ya shilingi 200. Tena deni la mikopo lilikuwa bado linamngoja.

Chama kilivyobadilisha mambo

Wanachama wenzake walishtuka. Walipoulizana, waligundua kuwa wengi wao walikuwa kwa hali hiyo hiyo: wamesajiliwa, hawajalipa. Wako 12, na kila mmoja hutoa shilingi 500 kwa wiki. Anayepokea zamu huondoka na 6,000.

Walikubaliana jambo moja. Kwa mzunguko huo, anayepokea zamu alipe kwanza bima yake ya mwaka kwa simu yake mwenyewe, wenzake wakiwa hapo, ndipo abebe kinachobaki. Mwenye mchango wa 4,800 alienda nyumbani na 1,200. Aliyekuwa mjamzito na mwenye mtoto wa pumu walipewa zamu za kwanza. Wiki 12 zilipoisha, nyumba zote 12 zilikuwa na bima.

Sasa huyu mama huweka shilingi 100 kila Jumamosi kwa akiba iliyofungwa, asiyoweza kuigusa kabla ya tarehe. Wiki 48 zikiisha, ana 4,800 za mwaka ujao kabla mwaka haujaisha.

Kama huna chama, uko na njia ya Lipa SHA Pole Pole, iliyoanzishwa 2025 ili watu walipe kidogo kidogo. Soma masharti yote kwanza, hasa ukikopeshwa: utarudisha ngapi, na kwa muda gani.

Na bima ndogo za simu je?

Mteja mwingine, mwanaboda wa Kisumu, alikuwa na SHA na pia bima ndogo inayolipa pesa kwa kila usiku unaolazwa. Alivunjika mguu, akalala hospitali usiku sita. SHA ililipa hospitali kulingana na viwango vyake. Bima ndogo ilimtumia pesa kwa simu, na hizo ndizo zililisha watoto wakati pikipiki imesimama.

Bima hizo mbili hufanya kazi tofauti. Bima ndogo haiwezi kubeba bili ya hospitali peke yake. Kabla ya kujiunga, uliza: inaanza kufanya kazi baada ya siku ngapi? Ni magonjwa gani haigusi? Je, kampuni imepewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Bima?

Fanya haya leo ukiwa mzima

1. Piga *147# uangalie kama umesajiliwa na kama mchango wako umelipwa. Hayo ni mambo mawili.
2. Hakikisha mke au mume na watoto wote wameongezwa. Mtoto asiye kwa orodha hatambuliki kwa kaunta.
3. Usajili ni bure. Mtu akikuomba “pesa ya fomu”, kata simu.
4. Lipa kupitia menyu rasmi tu, kamwe si kwa namba ya mtu binafsi. Usimpe yeyote PIN yako, hata akisema anapiga kutoka kwetu.
5. Weka ujumbe wa malipo na uandike tarehe bima inapoisha.

Shilingi 3,600 ukizigawanya kwa siku 365 hazifiki kumi kwa siku. Zitafute wakati nyumba imetulia, kwa sababu usiku wa kaunta huwa hakuna nafasi ya kuzitafuta.