JE, WAJUA? Daktari husoma kwa masikio

• Masomo ya sauti kwa madaktari yametangulia podikasti kwa miongo mingi. Audio-Digest, huduma ya masomo hayo, ilianza California, Marekani, mwaka 1953.

• Amref, shirika la afya lililo mama wa Flying Doctors (madaktari wa ndege), ilianzishwa 1957 na wapasuaji watatu. Redio yake iliziunganisha zahanati za mbali na Nairobi: mganga auliza, bingwa ajibu hewani.

• Mwaka 2005, Amref na Baraza la Wauguzi la Kenya walianza kuwafundisha wauguzi kwa kompyuta. Wauguzi hao walipanda kutoka cheti hadi stashahada bila kuiacha wodi.

• Podikasti ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Muuguzi anaweza kuisikiliza akiwa kwenye matatu.

• Nchini Kenya, daktari huhuisha leseni kila mwaka. Bila alama za masomo endelevu, haipati.