Somo la Redio: King'amuzi na Televisheni Visikilizane

Juma hili tutazungumza habari za king'amuzi, yaani kile kisanduku kinachopokea matangazo ya kidijiti na kuyageuza yawe picha na sauti. Chombo hiki kilianza kuwa cha lazima tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya kianalojia ilipozimwa Dar es Salaam. Miji mingine ikafuata kwa zamu, na Tabora nayo ikafikiwa.

Tangu hapo iko hasara moja isiyo na sababu. Mtu ana televisheni yake nzima ya kichogo. Ananunua king'amuzi, anaunganisha waya, na tazama, picha inatoka nyeusi na nyeupe, au inapanda juu bila kutulia, au kioo kinabaki giza. Fundi mwenye haraka anasema televisheni imekufa, nayo inauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Aghalabu hakuna kilichokufa. Vyombo viwili vinahesabu mapigo tofauti, basi.

Mapigo gani hayo? Wewe ukaaye Tabora umepita chini ya miembe ya njia kuu ya zamani, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ikaenda hata Ujiji. Umesikia habari za misafara yake: ngoma ililia, kirangozi akatangulia, na mapagazi wakafuata kwa mstari, kila mtu na mzigo wake. Picha ya televisheni nayo husafiri hivyo. Haiji yote kwa mara moja. Huja mstari baada ya mstari, na katika kila mstari nukta baada ya nukta. Kabla ya kila mstari king'amuzi hupiga ishara fupi ya kuanza, na kabla ya kila picha hupiga ishara nyingine ndefu zaidi. Televisheni isiyozitambua ishara hizo haijui mstari umeanzia wapi. Ndiyo maana picha hupanda na kukatika.

Sasa tuingie ndani ya king'amuzi. Mna chipu, na karibu nayo fuwele ndogo inayotetemeka mara milioni 27 kwa sekunde. Hiyo ndiyo ngoma yetu. Katika picha ya kawaida kila nukta hupewa mapigo mawili, kwa hiyo hupita nukta milioni 13 na nusu kila sekunde. Ndani ya chipu mna pia visanduku vya namba, ambavyo mafundi huviita rejista. Kimoja huandikwa nukta ngapi zihesabiwe kabla ya kuanza mstari mpya, kingine mistari mingapi kabla ya kuanza picha mpya. Unapobonyeza rimoti na kuchagua neno katika menyu, kwa kweli unaandika namba katika visanduku hivyo.

Mfumo wa PAL, ambao ndio wetu, huhesabu nukta 864 kwa mstari na mistari 625 kwa picha, picha 25 kila sekunde. Mfumo wa NTSC, uliotoka Marekani, huhesabu nukta 858 na mistari 525, picha karibu 30. Angalia jambo hili, maana ni zuri: ngoma ni ile ile. Kinachobadilika ni hesabu tu. Tena katika nukta 864, zenye picha ni 720. Zile 144 zilizobaki ni nafasi tupu, kwa kuwa katika televisheni ya kichogo mwali unaochora picha ukifika mwisho wa kulia huhitaji muda wa kurudi kushoto, kama mchukuzi aliyetua mzigo na kurudi kuchukua mwingine.

Basi, picha ikiwa nyeusi na nyeupe, kwanza fungua menyu ya king'amuzi, tafuta mahali palipoandikwa NTSC, weka PAL. Mifumo hiyo haibebi rangi kwa namna moja, na televisheni nyingi za zamani huweza kufuata mistari ya NTSC lakini rangi zikazishinda. Picha ikipanda bila kutulia, dawa ni hiyo hiyo.

Mwenye televisheni bapa na waya wa HDMI ana chaguo zaidi: 576i, 720p, 1080i. Mwulize muuzaji, au soma kitabu chake, inakubali ipi. Kisha chagua ile yenye 50, si 60. Matangazo yetu hutengenezwa kwa hesabu ya 50; ukiweka 60, king'amuzi hulazimika kurudia picha moja katika kila sita ili hesabu itimie, na utaona mpira wa Simba na Yanga unarukaruka badala ya kuteleza.

Ukichagua namba ambayo televisheni haiiwezi, kioo kitakuwa giza, na menyu yenyewe hutaiona. Usiogope. Chukua waya za rangi tatu. Wa njano ni wa picha, mweupe na mwekundu ni za sauti. Katika ving'amuzi vingi tundu la njano huendelea kutoa picha ya kawaida hata HDMI ikigoma. Ingia menyu kwa njia hiyo, rudisha namba ya chini.

Watu wakionekana wembamba na warefu kama minazi, king'amuzi kimewekwa 16:9 na kioo chako ni 4:3. Hilo halihitaji maelezo mengi.

Limebaki jambo la saa. Ving'amuzi vingine huuliza saa za mahali ulipo, weka GMT+3. Ukiacha sifuri, king'amuzi kitaonyesha 17:00 wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na ukikitegea kirekodi kwa saa ya ukutani kitachelewa kwa saa tatu. Wala usikisahihishe kwa kutazama jua: saa zetu hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Tabora iko karibu nyuzi 33, hivyo jua lake hufika utosini, kwa wastani, yapata saa saba kasoro dakika kumi.